Sura ya Saba: Nani Alianza Kwanza?

Katika vyuo vya tiba vya umma nchini India kuna waraka mmoja ambao profesa wa upasuaji, mwalimu wa anatomia na karani wa masijala huusoma kwa umakini uleule: tange, yaani orodha ya watumishi kwa ukuu wao kazini. Ni jedwali tu. Namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, sifa za kitaaluma, tarehe ya kuajiriwa, njia aliyoajiriwa nayo, tarehe ya kuthibitishwa, tarehe ya cheo cha mwisho, na mwishoni safu ya maoni ambayo mara nyingi ndiyo yenye moto. Idara ya elimu ya tiba ya jimbo hutoa kwanza tange ya awali, ikawapa watumishi muda wa kuleta pingamizi, kisha ikatoa ya mwisho. Kati ya ile ya awali na ile ya mwisho, watu waliokula pamoja tangu wakiwa wanafunzi huweza kuacha kusalimiana.

Mtu wa nje atashangaa. Mshahara wa aliye namba 14 na wa aliye namba 15 ni mmoja, wodi wanayozungukia ni moja, wanafunzi ni walewale. Lakini kamati ya kupandisha vyeo ikikaa, anayeitwa kwanza ni wa juu. Akimtangulia mwenzake kwa miezi sita, miezi hiyo humfuata hadi kiti cha mkuu wa idara, cha mkuu wa chuo, na hata cha mkurugenzi wa elimu ya tiba wa jimbo zima. Viti hivyo ni kimoja kimoja, na umri wa kustaafu haumsubiri mtu. Aliyetanguliwa na mwenzake mwenye umri mdogo anajua tangu leo kwamba zamu yake haitafika.

Ni rahisi kusema kwamba hii ni tamaa ya vyeo, na tamaa imo. Ila ukiifuata kesi moja moja hadi mzizini, mara nyingi unakuta uamuzi wa serikali uliofanywa kwa pupa: walimu walihitajika haraka, wakaajiriwa bila kufuata utaratibu, na hesabu ikaachwa ifanywe baadaye. Serikali ilikopa muda siku ile. Wanaolipa deni ni walimu wenyewe, miaka kumi au ishirini mbele, na hulilipa kwa namba zao katika tange.

Madaktari watatu, tarehe tatu

Tuchukue mfano wa kubuni, uliojengwa kwa mambo yanayojirudia mahakamani. Jimbo moja linafungua chuo kipya cha tiba, na idara ya usingizi na ganzi haina walimu wa kutosha.

Daktari wa kwanza anaajiriwa mwaka 2004 kama profesa msaidizi wa muda. Hakuna tangazo lililopita kwenye Tume ya Utumishi wa Umma ya jimbo, wala usaili wa tume. Barua yake ni ya miezi sita, na ina sharti linalopatikana katika barua nyingi za namna hiyo: uteuzi huu haumpi mhusika haki ya kuthibitishwa wala ya kudai ukuu kazini. Miezi sita ikiisha anapewa barua nyingine. Kati ya barua na barua kunaachwa siku moja au mbili ambazo kwenye faili anaonekana hana kazi, ingawa huenda siku hiyo yuko chumba cha upasuaji akimlaza mgonjwa usingizi. Siku hiyo moja haikuachwa kwa bahati mbaya. Imewekwa ili asije akasema amefanya kazi mfululizo.

Daktari wa pili anakuja mwaka 2007. Yeye amepita tume: tangazo, usaili, orodha ya ushindi. Cheo ni kilekile, profesa msaidizi.

Daktari wa tatu alianza utumishi mwaka 1999 katika hospitali ya wilaya, akiwatibu watu tu, hafundishi. Mwaka 2008 anapandishwa na kuhamishiwa chuoni kujaza nafasi zilizotengwa kwa walio ndani ya utumishi. Mwaka 2010 jimbo linaamua kuwarasimisha walimu wote wa muda, na yule wa kwanza anapata barua kamili.

Mwaka 2016 kiti cha profesa kinabaki wazi. Nani alianza kwanza? Wa kwanza atasema 2004, na mwanafunzi yeyote wa miaka ile atashuhudia alikuwepo. Wa pili atasema mwenzake aliingia kwa mlango wa nyuma, na utumishi wake wa halali umeanza 2010. Wa tatu ataonyesha mwaka 1999 na kuuliza kama miaka ya wilayani, kwenye zamu za usiku bila msaidizi, ni ya kutupwa. Kila mmoja ana barua yenye mhuri, na hakuna anayesema uongo.

Kanuni mbili zilizogongana

Tarehe 2 Mei 1990 jopo la kikatiba la Mahakama ya Juu ya India lilitoa hukumu iliyokusudiwa kumaliza ubishi huu. Shauri lenyewe lilihusu wahandisi wa jimbo la Maharashtra, walioajiriwa moja kwa moja dhidi ya waliopandishwa kutoka chini, lakini madaktari walimu wamelitaja mahakamani tangu hapo kana kwamba liliandikwa kwa ajili yao.

Mahakama ilianza kwa kuondoa uzito wa tarehe ya kuthibitishwa. Serikali nyingi zilikuwa zikichelewesha uthibitisho kwa miaka, na haikuwa haki mtumishi ashuke katika tange kwa sababu karani hakuandaa faili. Ukuu ukahesabiwa kutoka siku ya kuteuliwa kwa mujibu wa kanuni. Kisha zikafuata kanuni mbili. Ya kwanza: aliyeteuliwa kwa muda, nje ya kanuni, kuziba pengo, miaka hiyo haihesabiwi. Ya pili: ambaye utaratibu haukufuatwa wakati wa kumteua, lakini akaendelea na kazi bila kukatizwa hadi akarasimishwa kwa mujibu wa kanuni, miaka yake itahesabiwa.

Msome daktari wetu wa kwanza kwa kanuni hizo. Kwa ile ya kwanza amepoteza miaka sita. Kwa ile ya pili ameipata yote, isipokuwa siku zile za kukatiza zimvunjie hoja. Mawakili waliona nafasi hiyo mara moja, na kila upande ukaenda mahakamani na aya yake. Mwaka 1993, katika shauri lililotoka Bengal Magharibi, Mahakama ya Juu ililazimika kufafanua maneno yake yenyewe: kanuni ya pili haiwezi kumeza ya kwanza, inawafaa walioteuliwa kwenye nafasi halisi, wenye sifa, ambao kasoro yao ilikuwa ya utaratibu tu. Hapo mzozo ukahama kutoka kwenye tarehe kwenda kwenye kasoro. Kukosa tangazo gazetini ni kasoro ndogo au kubwa?

Upande wa walioajiriwa moja kwa moja nao una mchezo wake wa tarehe. Nafasi inaweza kutangazwa mwaka huu, usaili ukafanyika mwakani, na mtu akaripoti mwaka wa tatu. Ukuu wake uanzie lini? Hukumu ya mwaka 2012 iliwapa wengi mwaka ambao mchakato wa kuwaajiri ulianza, hata kama walikuwa bado hawajaingia kazini. Novemba 2019, katika shauri la maafisa wa polisi wa Manipur, mahakama hiyohiyo ikaitengua: mtu hawezi kudai ukuu wa siku ambazo hakuwa mtumishi. Mwaka 2022 jopo jingine likaona hata hukumu hiyo yafaa kutazamwa upya na majaji wengi zaidi. Katika miaka kumi, mtumishi mmoja aliweza kupanda, kushuka na kubaki ananing'inia bila yeye mwenyewe kubadilisha kitu.

Kwa nini chuo cha tiba kinazidi

Ugomvi wa tange uko polisi, uko reli, uko idara ya maji. Chuo cha tiba kina mambo yake yanayouchochea zaidi.

Kwanza, hakuna ngazi moja. Mwalimu wa anatomia hawezi kupandishwa kwenda kuwa profesa wa magonjwa ya watoto. Kila idara ina ngazi yake, na nyingine ina kipandio kimoja tu juu. Ukiwa katika idara ndogo ambayo profesa wake ana miaka 42, umekwama. Mwenzako mliyehitimu naye mwaka mmoja, akiwa katika idara iliyowapoteza maprofesa wawili kwa kustaafu, atakuwa profesa kamili kabla hujawa profesa mshiriki. Hilo peke yake lingevumilika. Tatizo huja pale kiti cha mkuu wa chuo kinapokuwa wazi, kwa kuwa sasa idara zote huunganishwa katika tange moja na kupangwa kwa tarehe ya uprofesa. Bahati ya nafasi hugeuka kuwa ukuu. Mtu aliyetangulia kazini kwa miaka minne anajikuta akimwandikia barua za likizo mwanafunzi wake wa zamani.

Pili, kuna wakaguzi. Baraza la Tiba la India, na baada ya Septemba 2020 Tume ya Taifa ya Tiba iliyolirithi, huweka idadi ya chini ya walimu kwa kila idara kulingana na wanafunzi wanaopokelewa. Upungufu ukiwa mkubwa, chuo huhatarisha nafasi zake za kudahili. Kwa hiyo ukaguzi ukikaribia, majimbo yamezoea kuhamisha walimu kutoka chuo kikongwe kwenda kipya, au kuajiri wa muda, ili vichwa vitimie. Mwaka 2014 India ilikuwa na vyuo vya tiba 387, vya umma na vya binafsi. Miaka kumi baadaye vilikuwa 780. Vyuo viliongezeka maradufu, lakini profesa hapikwi kwa miaka kumi: baada ya shahada ya kwanza kuna uzamili, kuna miaka ya udaktari mkazi, kisha angalau minne ya uprofesa msaidizi kabla ya kufikiriwa kuwa mshiriki, na machapisho ya utafiti juu yake. Pengo hilo lilizibwa kwa barua za miezi sita.

Tatu, chuoni kuna watu wa mizizi tofauti wanaofundisha somo moja. Katika anatomia, fiziolojia na baiokemia wapo walimu wasio madaktari, wenye shahada za uzamili na uzamivu za sayansi. Kwa miaka mingi waliruhusiwa kuwa asilimia 30 ya walimu, na katika baiokemia nusu. Kanuni za mwaka 2020 ziliwapunguza hadi asilimia 15 na kuwafungia nje ya famakolojia na mikrobiolojia. Kanuni za mwaka 2025 zikawafungulia tena. Mwalimu wa namna hii aliye juu katika tange ya idara huibua swali ambalo wenzake madaktari hulisema kwa sauti ya chini: je, asiye daktari aongoze idara ya chuo cha udaktari? Yeye hujibu kwamba maiti za maabara ya anatomia amezifundishia miaka ishirini, na hakuna aliyemuuliza hilo wakati wa kugawa vipindi.

Haki ya waliochelewa kufunguliwa mlango

Kuna safu moja ya tange ambayo haiwezi kusomwa bila historia ya India. Katiba inaruhusu nafasi za kazi zitengwe kwa jamii zilizobaguliwa kwa karne nyingi, wakiwemo Wadalit na makabila yaliyoorodheshwa kisheria. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ilisema utengaji huo ni wa kuingilia kazini, si wa kupandia vyeo. Mwaka 1995 Bunge likarekebisha Katiba kuruhusu utengaji katika kupandishwa pia. Likazuka swali jipya. Mtumishi aliyepanda mapema kupitia nafasi iliyotengwa, mwenzake wa kundi la kawaida akija kupanda baadaye, nani awe juu? Mahakama ilisema aliyekuwa juu mwanzoni arudi juu akishamfikia mwenzake. Mwaka 2001 Bunge likarekebisha Katiba tena: aliyepanda kwanza abaki na ukuu alioupata, na kanuni hiyo irudi nyuma hadi Juni 1995. Mwaka 2006 mahakama ikayakubali marekebisho, ila ikalitaka kila jimbo lionyeshe kwa takwimu kwamba jamii hizo bado ni chache katika vyeo husika.

Chuoni jambo hili lilipata ugumu wa ziada. Idara yenye profesa mmoja, kiti hicho kitengwe vipi? Aprili 1998, katika shauri la taasisi ya uzamili ya tiba ya Chandigarh na chama cha walimu wake, jopo la kikatiba liliamua kwamba nafasi iliyo pekee haiwezi kutengwa hata kwa zamu, kwa kuwa kutenga moja kati ya moja ni kutenga zote. Mwaka 2013, katika shauri la walimu wa taasisi ya tiba ya AIIMS ya Delhi, mahakama ilikataa pia utengaji katika nafasi za ualimu za ubingwa wa juu kabisa. Waliofurahi walisema mgonjwa wa moyo anastahili mkono bora. Waliokasirika walisema mikono yao ilinyimwa mafunzo kwa vizazi, na sasa wanaambiwa wamechelewa kufika. Tange haiwezi kuumaliza mjadala huo. Inauonyesha tu, jina kwa jina, kwa watu ambao kesho asubuhi watasimama pamoja kando ya kitanda kimoja.

Bahasha iliyofungwa

Kamati ya kupandisha vyeo hukaa na mafaili: tathmini za kila mwaka, machapisho, vyeti, na taarifa ya nidhamu. Mwalimu akiwa amefunguliwa mashtaka ya nidhamu ambayo hayajaamuliwa, kamati humjadili kama wengine, lakini uamuzi wake huandikwa na kutiwa ndani ya bahasha inayofungwa kwa lakiri. Akisafishwa, bahasha hufunguliwa, na kama alipendekezwa hupewa cheo kuanzia siku ileile aliyopandishwa aliye chini yake. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu iliweka mpaka: bahasha isifungwe kwa tetesi au uchunguzi wa awali, hadi hati ya mashtaka iwe imetolewa.

Utaratibu huu ni wa haki, na unaweza kutumika vibaya. Anayetaka kumchelewesha mpinzani hahitaji kushinda kesi ya nidhamu. Inamtosha hati ya mashtaka itoke wiki mbili kabla ya kikao.

Mahakama nazo zimeweka breki kwa upande wa pili. Anayetaka kupinga tange anatakiwa aende mapema. Majaji wamesema zaidi ya mara moja kwamba miaka mitatu au minne ndiyo muda wa busara, na kwamba nafasi zilizotulia kwa muda mrefu zisichokonolewe. Ndiyo maana tange mpya ikitoka, mawakili wa masuala ya utumishi hupata wateja wengi. Kunyamaza ni kukubali.

Cheo kwa miaka, kiti kwa mmoja

Dawa inayotajwa sana ni kutenganisha cheo na nafasi. Mwaka 2008 serikali kuu ya India ilieneza kwa madaktari wake mpango wa kupanda kwa muda: ukitimiza miaka minne, tisa, kumi na mitatu na ishirini, na tathmini zako zikiwa safi, unapanda hata kama hakuna kiti kilichobaki wazi. Walimu wa vyuo vilivyo chini ya serikali kuu wana ratiba yao ndani ya mpango huo. Vyama vya madaktari katika majimbo mengi vimegoma na kuandamana kudai kitu cha namna hiyo.

Mpango huo umepunguza kesi za mishahara. Kesi za madaraka haukuzigusa. Idara sasa inaweza kuwa na maprofesa watano wenye mshahara unaolingana, na ofisi moja ya mkuu. Katika taasisi ambazo mkuu wa idara hubaki hadi astaafu, walimu wamedai uongozi uwe wa zamu. Na serikali kuu ilipoongeza umri wa kustaafu wa madaktari wake hadi miaka 65, iliona hatari iliyopo: wenye nyadhifa za utawala huziachia wakifika 62, kisha humalizia miaka iliyobaki wakitibu na kufundisha. Pale ambapo umri unaongezwa bila sharti kama hilo, kila mwaka unaoongezwa juu unakuwa mwaka wa kusubiri kwa kila aliye chini.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuambiwa machungu ya kukwama. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kupandisha vyeo ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti. Ripoti ya Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliokuwa na vyeti halali nao walisimama wakati uhakiki ukiendelea. Baadaye ukaja mserereko, yaani kumpandisha aliyekwama hadi pale ambapo angekuwa leo kama asingezuiwa. Kanuni yake ni ileile ya bahasha ya India: aliyecheleweshwa bila kosa lake arudishiwe tarehe yake. Lakini mserereko una mpaka. Unamrudishia mtu daraja. Haumrudishii uongozi wa idara ambao mwingine ameushika kwa miaka mitano.

Deni jipya

Mwaka 2025 Tume ya Taifa ya Tiba ya India ilitoa kanuni mpya za sifa za walimu. Hospitali ya umma yenye vitanda zaidi ya 220, ambayo haikuwa ya kufundishia, sasa yaweza kufanywa ya kufundishia. Bingwa mwenye miaka kumi ya kutibu katika hospitali ya serikali ya aina hiyo aweza kuteuliwa profesa mshiriki, na mwenye miaka miwili kuwa profesa msaidizi bila kupitia miaka ya udaktari mkazi mwandamizi, mradi amalize kozi ya misingi ya utafiti ndani ya miaka miwili. Sababu yake inaeleweka. Wanafunzi wapo, walimu hawatoshi, na mabingwa wazoefu wamejaa wilayani bila kufundisha mtu.

Sasa mrudie daktari wetu wa tatu, yule wa mwaka 1999. Kanuni hizi zinawaingiza wengi kama yeye kwa mkupuo mmoja, na wengine wataingia wakiwa juu ya profesa msaidizi aliyefundisha miaka mitatu na nusu. Miaka yao kumi ya kutibu itahesabiwa kama sifa ya kuteuliwa tu, au pia kama ukuu? Watapangwa katika tange moja na waliokuwepo, au sambamba? Atakayeteuliwa Machi na atakayepanda kutoka ndani Aprili ya mwaka huohuo, nani juu?

Majibu ya maswali hayo hayahitaji jaji. Yanahitaji aya tatu katika barua ya uteuzi na kanuni moja ya jimbo, iliyotangazwa kabla ya mtu wa kwanza kuripoti: ukuu unaanza tarehe ipi, miaka ipi ya nyuma inahesabiwa, na orodha ya ushindi inapangwaje. Anayeona hatapata anachokitaka atakataa kazi mapema, na anayekubali atakuwa amekubali akiwa macho. Jimbo litakaloandika aya hizo leo litachelewa kufungua madarasa kwa wiki chache. Litakaloziacha litafungua madarasa kwa wakati, na mwaka 2040 litakuwa bado linajibu hati za kiapo kuhusu nani aliripoti asubuhi na nani mchana.